Vagone Haipandi Kupita Pale Ilianzia

Siku ya kwanza ya kazi nilitia ukoo wangu wote aibu. Nilitoka Kasongo kwa miguu mpaka kwa mine moja, machimbo ya zahabu, upande wa Kabambare, na shule yangu ya miaka mitatu na nusu (ile nusu, mapadri walichoka na mimi). Walinipa freni. Ni kusema unasimama juu ya ubao nyuma ya vagone, lile sanduku la chuma la kubeba changarawe juu ya reli, unashika muti unaobana gurudumu. Moteri hakuna. Vagone inashuka mulima, inapita bonde, inapanda kilima kidogo, inafika kwa mutoni penye wanaosha changarawe. Yenyewe tu.

Nilipoona ule muteremko, nikashika ule muti na mikono mbili. Nikabana freni tangu juu mpaka chini. Tulifika bondeni pole pole sawa bibi arusi. Vagone ikajaribu kilima, ikachoka, ikarudi nyuma. Kapita Saidi, mukubwa wetu, akakuja anacheka.

"We mutoto wa Kasongo, mwendo umeuacha wapi?"

"Kule juu, kapita."

"Mwendo wa kushuka njo chakula cha kupanda. Umekimaliza njiani, sasa utapanda na nini? Na mashavu?"

Nikashika somo. Kimo kinageuka mwendo, mwendo unageuka kimo tena, lakini reli na magurudumu yanakula kidogo. Kwa hiyo kilima cha pili lazima kiwe kifupi kuliko cha kwanza. Na ukikivuka mbio, pale juu unakuwa mwepesi, miguu inaaga ubao. Nilipenda ile kuliko mushahara.

Kisha walituhamisha mimi na kapita upande wa Wamaza, kwa reli mupya. Shefu wa shantie, muzungu aliyesimamia kazi yote, aliipitisha juu ya kilima kilichozidi pa kuanzia kwa kimo cha mutu muzima.

"Bwana Shefu, vagone haitapita," nikamuambia.

"Tutaijaza mpaka juu. Uzito utasukuma."

"Uzito unasukuma wakati wa kushuka, Bwana. Wakati wa kupanda, ule ule unavuta."

"Umesoma mpaka wapi, wewe?"

"Tatu na nusu, Bwana."

"Kesho tutajaribu. Ikipita, unaacha freni, unashika jembe."

Hapo sikucheka. Muchumba wangu Zaina alikubali mutu wa freni. Wa jembe walikuwa wamemuomba wengi, aliwakataa.

Kesho yake wakajaza vagone, nikapanda mwenyewe. Freni sikuigusa, mutu asiseme nimeiba mwendo. Vagone ikashuka inalia, upepo ukanitoa machozi, tukapanda, tukapanda… ikasimama karibu na kilele. Ikarudi nyuma, ikapanda tulikotoka, ikarudi tena, kila safari inafika chini zaidi, sawa bembea iliyokosa musukumaji. Mwisho ikalala bondeni. Mimi mikono nimekunja sawa hakimu.

Shefu akashuka mpaka kwa vagone.

"Uko na haki," akasema. "Kikatwe. Timu yote ichukue majembe. Na wewe."

Zaina akapita, akanikuta udongo mpaka masikioni.

"Huyu njo mutu wa freni?"

"Alishinda, mama," kapita akamuambia.

"Kama kushinda iko hivi, kushindwa iko namna gani?"

Aliolewa na mimi hivyo hivyo. Kile kilima tulikikata, na vagone ilipita miaka yote mpaka nikapata pansheni. Leo nikiinuka kwa mukeka, mugongo unalia kuliko zile reli, na Zaina ananiuliza: "Bado unashinda, baba?"

Bado.