Visu vya Bibi Doreen Vilinifungia Ndani

Mlango ulifungwa kwa ufunguo nikiwa bado na nyama mdomoni.

"Hutoki hapa mpaka useme, Bryony." Bibi Doreen akautumbukiza ufunguo kifuani.

Huyu ndiye bibi aliyemlea Rowan, mchumba wangu. Kando ya Bibi, mdogo wake wa kike, Beryl, anacheka chinichini.

Kazi yangu ni kutambua umri wa visu, uma na vijiko vya kale, kwenye nyumba ya mnada hapa Sheffield. Rowan alikuwa ameropoka kwao kuhusu kazi hiyo. Nikamtazama. Kainamia sahani, mwoga yule!

Bibi akaniwekea kisu. Mpini umepakwa fedha, una nakshi ya maua.

"Mama alisema bibi yetu alizawadiwa seti hii siku ya harusi yake, 1889."

"Mama alivinunua mitumbani visu hivi," Beryl akadakia. "Miaka arobaini nasema. Mama alikuwa mwongo."

"Usimtukane marehemu mezani kwangu!"

Nikakigeuza.

Bapa limegongwa maneno: halishiki kutu. Chuma hicho kilivumbuliwa mjini kwetu, 1913. Hata watoto wa hapa wanajua.

Nikisema kweli, nimemwita mama yake Bibi mwongo. Harusi kwaheri. Nikidanganya, Beryl ananiumbua palepale.

"Bapa ni la baada ya 1913," nikasema, sauti kama ya panya.

Beryl akapiga meza kwa furaha. Mdomo wa Bibi ukaanza kutetemeka.

Nikaukodolea macho uma uliokuwa mkononi mwangu muda wote. Maua yaleyale! Nikaugeuza. Chapa ya taji. Wapakaji fedha waliacha kugonga taji kabla ya 1900.

"Ngojeni! Uma ni wa zamani, mipini pia. Mabapa ndiyo mapya. Kuna mtu aliyabadilisha!"

Beryl akaacha kucheka.

"Ni baba," akasema taratibu. "Alimhurumia mama kusugua kutu kila siku. Mimi ndiye niliyemshikia mipini."

"Kumbe ulijua?" Bibi akafoka. "Miaka yote hiyo?"

"Ningekubali, ungeniita hapa kila Jumapili tubishane?"

Bibi akamkazia macho. Kisha akamsogezea bakuli la viazi.

"Kula, mjinga we."

Jamani, ukiletewa kisu ukipime, omba na uma wake. Na ukikuta wazee wamegombana miaka arobaini, usikimbilie kuamua. Uliza kwanza: ugomvi ukiisha, nani atabaki anakula peke yake?