Mama Anayeuliza Habari za Shisha

Mwenzangu katika kazi ya kuhoji watu kuhusu uvutaji wa shisha ni mama mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Tukisubiri mlango ufunguliwe, huzungushazungusha pete yake kidoleni. Hamkemei mtu. Wazee wakimwambia hayo ni mambo ya vijana, huitikia kwa kichwa. Vijana wakisema ni mambo ya wenye hela, vilevile. Bibi mmoja aliapa hajawahi kuvuta, kisha akaongeza, “Labda ile ya tufaha, nikiwa na mashoga zangu. Ile si matunda tu?” Mama akamjibu kwa upole, “Hata hiyo ina tumbaku, bibi,” akaandika.

Jana alasiri tuliingia nyumba waliyopanga wanafunzi wa chuo. Wasichana kadhaa walikuwa wameuzunguka mtungi wa shisha, na aliyeshika mpira wa kuvutia alikuwa binti wa mwenzangu. Nilidhani mama atampokonya. Badala yake aliketi, akawahoji wengine kwanza, ndipo akamgeukia kwa sauti ileile.

“Unavuta mara ngapi?”

“Karibu kila siku, mama.”

“Ulianza lini?”

“Baba alipoanza kuumwa.”

Swali lililofuata halikuwa la kazi. “Mbona hukuniambia, mwanangu?”

“Ulikuwa na mgonjwa, mama. Hukuniuliza hata mimi naendeleaje.”

Mama akaniomba nitangulie nyumba inayofuata. Nikiwa mlangoni nilimsikia akisema, “Haya. Nakuuliza sasa.”