Nywele za Filamu na Msiba wa Baba

Kaka yangu alianza upumbavu siku gari la watu wa filamu liliposimama mbele ya duka la ushirika kijijini kwetu. Kabla ya siku hiyo alikuwa mtu wa kawaida. Alilima tumbaku, alichanja kuni, alicheka ovyo kama vijana wengine. Mwongozaji wa filamu, mwanamume mfupi aliyevaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba, alimshika kidevu akamgeuza uso huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Kisha akasema kwamba kaka ana sura ya rugaruga.

Walikuwa wanatengeneza filamu ya misafara ya zamani, ile iliyopita Tabora ikielekea pwani. Rugaruga walikuwa wapiganaji wa watemi wetu, na inasemekana walifuga nywele ndefu ili kuwatisha maadui.

"Usikate nywele mpaka turudi," mwongozaji alimwambia kaka. Hayo tu. Gari likaondoka, kaka akabaki amesimama kwenye vumbi lake, tayari ni mtu mwingine.

Wakati huo mwanamume mwenye nywele ndefu alihesabiwa mhuni. Mjini vijana wa chama walitembea na mikasi, na aliyekamatwa sokoni alinyolewa njia moja katikati ya kichwa, akaachwa aende nayo nyumbani. Lakini watu wa filamu walimwambia balozi wetu wa nyumba kumi amwache kaka, kwa kuwa nywele zake ni za taifa. Kaka alilidaka neno hilo asiliachie.

"Hizi si zangu, ni za taifa," alisema kila alipoombwa kubeba kitu. Maana kichwani hakubeba tena. Ndoo ya maji ilimlaza nywele, kuni zilimtia takataka, na gunia la karanga lilikuwa tusi kabisa. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka baharini, na huyu, anayejiandaa kuwaonyesha watu maisha yao, alishindwa na ndoo ya kisimani.

Mafuta ya kula yalikuwa ya kutafuta siku hizo. Mama alikamua ya karanga kidogo kidogo, akayaficha nyuma ya kinu. Kaka aliyapata, akapaka kichwani. Sisi tulikula mlenda mkavu, yeye aking'aa.

Jioni aliniita nyuma ya ghala la tumbaku, akageuza kichwa polepole na kunikazia macho.

"Nikitazama hivi, unaogopa?"

"Kidogo," nilijibu. Mimi si msemaji. Ukweli ni kwamba alionekana kama mtu anayeumwa jino.

Watu wa filamu walirudi kiangazi kilipokuwa kinaisha, nywele zikiwa zimefika mabegani. Walifikia shuleni, wakalala madarasani. Mkubwa wa waigizaji alikuwa Mzaramo kutoka Dar es Salaam, na ndiye aliyepewa kuwa jemadari wa rugaruga. Yeye hakujisumbua kufuga kitu. Nywele zake zilikuwa katani iliyopakwa masizi na kushonwa kwenye kitambaa. Jua likiwaka, masizi yalimchuruzika shingoni, naye alijikuna kwa kijiti na kuwatukana waliomshonea. Jemadari gani huyo? Lakini kijijini walimfuata kama nyuki.

Mwongozaji alipozipanga nywele zote juani, za kweli na za katani, alimweka kaka mbele. Mkubwa wa waigizaji aliliona hilo. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Huyu mkulima atanifunika." Kaka alisikia pia, akatembea siku nzima kifua mbele.

Katika siku hizo baba alifariki. Kifua kilimsumbua tangu masika. Tulimzika vizuri, mchungaji akaomba, watu wakaimba. Sisi ni Wamoraviani, lakini desturi ya kunyoa baada ya maziko hatukuiacha. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye huanza, wengine hufuata. Mpaka hapo msiba haujaisha. Mjane hukaa ndani, na hakuna mtu wa nyumba hiyo anayegusa jembe.

Nasi tulikuwa mwanzo wa mvua. Kila asubuhi majirani walipita na majembe na mbegu. Mama alikaa gizani kwenye mkeka, akiwasikia kupitia ukutani. Hatukuwa na akiba ghalani. Mvua za kwanza zikikupita kwetu, huli mwaka unaofuata.

Kaka alikuja matangani amevaa kofia ya sufu.

"Nyoa, baba," shangazi, dada wa marehemu, alimwambia. Wembe alikuwa nao kwenye pindo la kanga.

"Bado picha ya vita, shangazi. Wakimaliza tu."

"Baba yako yuko chini ya udongo, wewe unangoja picha?"

"Ni kazi ya taifa."

"Taifa litakuja kutupandia mahindi?"

Kaka akaivuta kofia masikioni. Na hiyo picha ya vita haikuwa na siku. Kamera ilikuwa imeharibika, wakingoja kifaa kije kwa treni. Mwongozaji naye alikuja kutoa pole. Aliketi na miwani yake, akamwambia shangazi kwamba sanaa inahitaji watu kujitolea. Shangazi akamtazama.

"Wewe umejitolea nini, baba?"

Akaomba maji ya kunywa.

Aliyemaliza habari hii ni yule mwenye katani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana haki ya kuja msibani kwako, kulala mlangoni, kukutukana, kunyakua chungu jikoni, na wewe huruhusiwi kukasirika. Akaja anajigaragaza, analia kilio cha uongo.

"Enyi wabeba mizigo! Mzee wenu kaondoka bila kuniaga! Babu yake alituibia nazi pwani, naye kaondoka vilevile, kimyakimya!"

Watu walicheka. Hata mama nilimsikia akicheka kule ndani, mara ya kwanza tangu maziko. Ndipo mtani akamrukia kaka, akamvua kofia.

"Kumbe! Ndiyo maana marehemu hafiki aendako! Ananing'inia kwenye hili pori! Leteni mikasi!"

Kaka alisimama, amekunja ngumi.

"Kaa chini!" wazee walimkemea. "Huyo ni mtani!"

Akakaa. Mikasi ikaletwa upesi, kama ilikuwa inangoja. Mwongozaji, aliyekuwa nje, alipoona nywele zinaanguka akaja mbio, mikono juu, anapiga kelele, "Simamisha! Simamisha!" Alidhani na sisi ni waigizaji wake.

Nilikuwa nimeshika bakuli la maji karibu yao, na nilimwona mtani usoni. Alifurahi mno. Watu walimsifu baadaye kwamba ni mtani wa kweli, ameiokoa nyumba. Mtu huyo hakuja kwa ajili ya mama. Alipofika kisogoni aliinama, akamnong'oneza kaka: "Sasa tutaona nani ataonekana."

Shangazi akamalizia kwa wembe, kisha akatunyoa sisi wengine. Mama akatolewa nje, mkono juu ya macho kwa sababu ya mwanga. Hakukaa hata kunywa uji. Aliuliza jembe lake liko wapi.

Kaka akaanza kulia. Baba alipokata roho hakulia, kaburini hakulia. Sasa alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, na wanawake wakamzunguka.

"Lia, baba, lia. Tulikuwa tunajiuliza utalia lini."

Mama alirudi, akamfuta upara kwa pindo la kanga. "Baba yako anakuona, mwanangu," alimwambia, naye machozi yakimtoka.

Mimi nilifuata macho ya kaka. Yalikuwa chini, kwenye nywele zilizotapakaa mchangani, ambako kuku walikwisha kufika na kuanza kuparua. Nilichukua kibuyu cha mbegu, nikamshika mama mkono, tukaenda shambani.