Mikono ya Kwenda Kanada

Nilimfumania mume wangu nyuma ya jiko, asubuhi kweupe, anajikojolea viganja.

Sijakosea kuandika. Vernal, fundi cherehani, mtu wa kanisani, kasimama kando ya banda la kuku, kakinga mikono kama anayetaka kunawa, anajikojolea.

"Vernal! Umerogwa?"

Akashtuka. "Taratibu, Pansy, majirani watasikia. Linton kasema mkojo unakaza ngozi."

Nikacheka mpaka nikaegemea ukuta. Leo nikikumbuka kicheko kile, najichukia.

Ngoja niwape mkasa wenyewe.

Huku kwetu Christiana, kwenye milima ya Jamaika, kimbunga kilikuwa kimeng'oa paa letu lote. Tulikuwa tunaishi chini ya turubai la bluu, mimi, Vernal na binti yetu Tashoy. Mvua ikianza, tunahamisha kitanda. Na cherehani haikuwa inaingiza kitu, maana watu siku hizi wananunua nguo za kuletwa na meli.

Paa letu lilikuwa Kanada. Kila msimu wakulima wa kule wanakosa watu wa kuvuna, basi wanachukua wanaume wa kwetu kwa kibali cha miezi michache. Unakwenda, unavuna, unarudishwa. Jirani yetu Linton kaenda miaka na miaka, na nyumba yake ina paa la zege.

Vernal akapata kadi ya kwenda kwenye usaili Kingston. Hapo Linton akamtia tumbo joto.

"Fundi, wale hawakuulizi shule. Ofisa anakushika mkono hivi, anapitisha kidole gumba kwenye kiganja. Akikuta ulaini, rudi kwa mkeo."

Akaushika mkono wa mume wangu, akaguna. "Yesu wangu! Hii mikono au maandazi?"

Kweli ilikuwa laini. Vernal alikuwa anafumba macho, anagusa kitambaa, anakwambia kama ni pamba tupu au kimechanganywa. Mimi mwenyewe alinipata siku aliyonipima gauni. Nilihisi kama hakuna aliyenigusa, nikarudi kesho yake kupimwa tena.

Basi akaanza kuiua mikono ile.

Akaazima panga na jembe, akamlimia Linton matuta ya viazi vikuu bure. Malengelenge yakitumbuka, anayasugua kwa mchanga na ndimu. Jioni anailoweka mikono kwenye mafuta ya taa. Mkojo ndio huo niliowaambia.

"Baba Tashoy, acha. Mikono hiyo ndiyo inayotulisha."

"Inatulisha nini, Pansy? Hebu angalia juu."

Nikaangalia juu. Turubai.

Usaili ulipokaribia, bado hakuridhika. Siku moja natoka sokoni namkuta uani, mikono kwenye ndoo ya maji, machozi yanamtiririka, harufu kali imejaa hewani. Pembeni kuna chupa.

Maji ya betri.

Nilipiga kelele nikaita majina ya ukoo mzima. Ngozi ile ilibanduka. Ilipoota upya, ilikuwa ngumu kama kwato.

Kingston, ofisa akapitisha kidole gumba, akatabasamu. "Huyu ndiye mkulima sasa."

Amepita! Tulichinja mbuzi. Linton akacheza mpaka kofia ikamdondoka. Mimi nikaanza kuchagua rangi ya mabati.

Vernal akaondoka na wenzake. Simu za mwanzo zilikuwa za raha: baridi, vyakula visivyo na pilipili, masihara ya wanaume kwenye bweni. Kisha zikafupika.

Katikati ya msimu akasimama mlangoni na begi lake.

"Kulikoni? Wenzako wako wapi?"

"Wanavuna." Akakaa chini. "Pansy, walinipeleka kwenye mapichi."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Tunda. Lina ngozi ya manyoya, unalishika kama shavu la mtoto mchanga. Ukilibonyeza tu, kesho yake linatoa doa na duka halilitaki. Kidole ndicho kinachokwambia limeiva. Mimi vidole vyangu haviniambii kitu."

Nikaushika mkono wake, nikaugeuza.

"Bosi akaniwekea sanduku langu mbele. Kila tunda lina alama ya gumba langu. Akanipakia kwenye ndege." Akacheka kicheko kibaya. "Unajua anayesifiwa kule kuliko wote? Kinyozi wa hapo Mandeville mjini. Mikono kama ya bibi harusi. Siku ya usaili wake ofisa alikuwa na haraka, hakumshika mkono."

Linton aliporudi mwisho wa msimu, alikuja kuomba radhi, kofia mkononi. "Fundi, mimi wananipelekaga kwenye tumbaku. Sikujua." Sikumlaumu. Hata sisi hatukuuliza.

Vernal akarudi kwenye cherehani. Dada Icilda wa kanisani akaleta kitambaa cheupe, gauni la ubatizo. Nilisikia mashine inanguruma, nikasema afadhali, ufundi wake upo.

Halafu akaniita.

"Pansy, nani kamwaga kitu hapa?"

Matone mekundu, mstari mzima, kifuani kwa gauni. Sindano ilikuwa imemchoma kidole mara kadhaa na yeye anaendelea kusukuma kitambaa.

"Ni damu yako, Vernal."

Akakigeuza kidole, akakitazama kama cha mtu mwingine.

Sasa nashona mimi, yeye ananielekeza kwa macho. Turubai bado lipo. Viraka vyake nimeshona mimi, vimepinda.

Funzo langu ni hili: usiharibu ulichopewa ili ufanane na wanachokitafuta watu. Uliza kwanza wanakitafutia nini. Wao wenyewe wanaweza kuwa hawajui.

Ila sidhani kama mtanisikia. Juzi kadi mpya zimetolewa, na wanaume wakakusanyika njiapanda. Vernal akaenda kuwaonya. Akawaeleza yote, mapichi, maji ya betri, sindano. Mwisho akakunjua viganja vyake ili waone wenyewe.

Wakaja mmoja mmoja, wakavipapasa kwa vidole gumba.

"Fundi," mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "hayo maji uliyaacha mkononi kwa muda gani?"