Mshahara wa Goti la Kushoto

Rupert alikuwa na ghala dogo la mahindi mtaa wa Majengo, Songea, na kila aliyekuja kununua gunia aliondoka na hotuba juu yake. Mahindi aliyafuata mwenyewe Madaba. Alilala juu ya magunia barabarani, akagombana na wachukuzi, akarudi mgongo umekakamaa. Na mwanawe Calvin, beki wa klabu kubwa ya Dar es Salaam, alipokea kwa mwezi kile ambacho ghala halikuingiza kwa mwaka mzima.

"Kwa kukimbiza mpira!" Rupert alikuwa akisema. "Hata ng'ombe anakimbia."

Bashiru, fundi cherehani wa kibaraza cha jirani, hakumwacha. "Mzee Rupert, lile bati jekundu nyumbani kwako kalinunua ng'ombe?"

Watu walicheka. Rupert naye alicheka.

Jibu alilipata Jumamosi moja ya Juni, upepo wa baridi ukipeperusha vumbi mitaani. Klabu ya Calvin ilikuja Songea kucheza na timu ya mji, na jioni akaruhusiwa kufika nyumbani kusalimia. Bibi yake, Kunegunda, alikuwa ameketi mkekani. Bibi hasalimiwi ukiwa umesimama wima, unachuchumaa kwanza. Calvin alianza kushuka, akafika nusu, akaudaka mwimo wa mlango. Jasho lilimtoka, na baridi yote ile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Siku hizi unanisalimia kutoka huko juu kama bwana shamba?"

Calvin alicheka. Rupert hakucheka. Alimvuta hadi uani.

"Goti gani?"

"La kushoto. Wananichoma sindano kabla ya mechi, baba. Sisikii kitu mpaka tumemaliza."

"Na daktari wa timu anasemaje?"

"Si ndiye anayechoma?" Calvin alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Mkataba unaisha mwezi huu. Wakijua ni mgonjwa, hawaongezi. Nakuomba, asijue mtu."

Rupert aliinua macho akaliona bati jekundu, na kwa mara ya kwanza lilimtisha. Mwanawe hakuwa akilipwa kwa kukimbia. Alikuwa akinunuliwa kiungo kimoja kimoja, na wanunuzi walikuwa bado hawajamaliza. Wanaopiga simu redioni kulalamikia mishahara ya wachezaji, nani kati yao huuliza ni nani atamlipa huyo mchezaji akiwa na miaka thelathini na tano, anapanda ngazi kwa kushikilia ukuta?

Kesho yake Rupert na Bashiru walikwenda nyuma ya uwanja kulipokea basi la wageni. Basi lilisimama mbali na geti. Klabu ile, kama klabu nyingi, ilikuwa na watu iliowaita kamati ya ufundi, ingawa kazi yao ilikuwa kukwepa uchawi. Nao walikwisha amua: getini pamefukiwa kitu, hapitiki. Wachezaji wote wataruka ukuta.

Ukuta ulimzidi mtu kimo. Walipanda mmoja mmoja, kila mmoja akikanyaga mgongo wa mwenzake, wakatumbukia ndani. Mashabiki wa mji waliwazomea, na kati yao jamaa mmoja aliyevaa jezi ya benchi la timu ya nyumbani.

Zamu ya Calvin ikafika. Alikaa juu ya ukuta, akaitazama ardhi ya upande wa pili kwa muda mrefu kuliko wenzake.

"Ruka, milioni!" mtu akapayuka.

Rupert alisahau yote aliyoombwa. "Calvin, usiruke! Goti la kushoto hilo, litakatika!"

Zomeazomea ikakatika. Calvin aligeuka akamwangalia baba yake bila hasira, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Kisha akaruka.

Yule jamaa wa jezi hakuzomea tena. Aliondoka upesi kuelekea getini, simu sikioni.

"Mzee," Bashiru alisema taratibu, "umemwambia nani?"

Rupert alimwacha palepale. Alikimbia. Getini walimzuia kwa muda mrefu, na alipopenya ndani timu zilikuwa zikipeana mikono. Calvin alitembea vizuri kabisa. Sindano ilikuwa imeingia. Mshambuliaji wa nyumbani alimpa mkono, lakini hakumtazama usoni. Macho yake yalikuwa chini, magotini.

"Ndiye huyo anayekula mamilioni!" walipiga kelele nyuma. "Leo ayatapike!"

"Nyamazeni nyie!" Bashiru aliwafokea, na hakukuwa na utani hata chembe.

Rupert alimshika mkono askari wa mlango wa uzio. "Afande, nataka kumwona kocha wa wageni. Yule namba tano ni mwanangu. Atolewe."

"Mzee wangu, kila mtu hapa ana mwanawe. Rudi ukakae."

Filimbi ikalia. Mpira wa kwanza ukapigwa juu, mrefu, upande wa kushoto wa Calvin, ambako hakukuwa na mtu wa kuupokea. Calvin akaukimbilia. Mshambuliaji naye akaja kwa kasi yake yote, na tangu alipoanza mbio zake hakuutazama mpira hata mara moja.