CV ya Daktari na Wagonjwa wa Ijumaa

Mtaani kwetu Buyenzi mtu hasemi ugonjwa wake akiwa amekaa. Akiingia uani atakusalimia, atauliza hali ya nyumbani, atalalamikia bei ya mkaa, atasifu harufu ya pilau, atapewa maji na kuyamaliza. Wewe unayemjua unasubiri tu. Atavaa viatu vyake, atasema haya basi, na akishafika mlangoni ndipo atageuka: "Kuko na kitu kidogo, dogiteri." Hicho kitu kidogo ndicho kilichomleta. Kuanza nacho ni kukosa adabu, kana kwamba umemjia mwenzako kwa shida zako na si kwa ajili yake mwenyewe.

Nilizaliwa hapo, katika mojawapo ya zile barabara za gereji ambazo udongo wake umekunywa oili hadi ukawa mweusi. Nilisomea udaktari, nikabaki chuoni kufundisha, nikapanga nyumba Gihosha, kule kilimani. Maisha yangu yakawa darasa, mitihani, na wodi niliyopita kila asubuhi na msururu wa wanafunzi nyuma yangu. Tulisimama mbele ya kitanda, mwanafunzi akaeleza kwa Kifaransa, nikamkosoa kwa Kifaransa, tukasogea kitanda kinachofuata. Mgonjwa alitutazama kama mwenye nyumba anayesikiliza wageni wakigombania nyumba yake.

Ijumaa mchana sikuwa na kipindi. Baada ya swala niliteremka kwa mama. Uani kwake, kando ya ukuta, kulikuwa na kiti kirefu cha nyuma cha basi dogo, ambacho marehemu baba, fundi wa magari, alikiweka pale siku ambayo mwenye basi hakurudi kukichukua. Kila Ijumaa nilikuta watu wamekaa juu yake. Mama mmoja mwenye miguu iliyovimba. Fundi cherehani mwenye sukari, anayekificha kidonda cha mguuni ndani ya soksi. Dada aliyevuka kutoka Kongo, anayeuza vitenge, na mimba yake ya kwanza. Wote walikuwa wamekuja "kumsalimia mama."

"Umekonda, we mutoto," mama alinipokea kila mara. "Kule Gihosha hamukulaka?"

Nilikula pilau, nikasalimia, nikasubiri watu wafike mlangoni. Nilipima presha, nikaangalia macho na ndimi, nikasoma karatasi za maabara zilizokunjwa mara nyingi mpaka zikachanika, nikamwambia huyu aende hospitali leo hii na yule apunguze chumvi. Na kila nilipochukua mkoba wangu kuaga, mama alisema maneno yale yale.

"Bado kuko mumoja."

Nikarudi kukaa. Akatokea jirani fulani akijifuta mikono yenye unga, akaninyooshea mkono nimpime. Huyo wa mwisho, jambo la ajabu, mara nyingi alikuwa mzima wa afya. Presha nzuri, mapigo mazuri, hakuna pa kuuma. Nilimwambia hivyo, akacheka, akaulizia wanafunzi wangu, akabaki hadi chai ya tangawizi ikaisha. Nilidhani watu wanapenda tu kuguswa na daktari bila kulipa. Nani asiyependa?

Niliporudi Gihosha jioni, kutoka barazani niliona mji wote chini hadi ziwani. Nilikuwa najua taa za Buyenzi zinaanzia wapi. Nilikuwa na hamu nako, na sitafuti neno jingine la kupendeza. Nilikuwa na hamu ya kusikia sauti za nyundo asubuhi, ya kuitwa na mtu anayejua jina la bibi yangu, ya kumtibu mtu huyo huyo mwezi huu na mwezi ujao hadi nijue kama amepona. Zaidi ya yote nilimtaka mama yangu. Nilikuwa mwalimu wa madaktari, mtu mzima mwenye miwani, na bado nilimwonea hamu mama yangu aliyekaa chini ya kilima kile kile. Na hilo sikuwahi kumwambia. Kwetu haisemwi hivyo. Unaleta sukari na sabuni, na mwenzako anaelewa.

Ndipo kliniki moja ndogo jirani na soko ikabandika tangazo: wanatafuta daktari wa kuhudumia wagonjwa kila siku. Kutoka mlango wa mama ni mwendo wa kufika kabla chai haijapoa. Nililisoma tangazo lile nimesimama juani, nikajua kwamba nisipoipata kazi hii nitazeekea kilimani nikihesabu taa.

Niliandika CV kwa siku kadhaa. Niliianza kama tunavyoanza sote: jina, baba, mama, mahali pa kuzaliwa, hali ya ndoa. Picha yangu nikiwa na joho. Kisha masomo yote tangu shule ya msingi, tasnifu na kichwa chake kirefu, makala, mikutano, masomo niliyofundisha, tasnifu za wanafunzi nilizosimamia, kamati nilizokaa nikisinzia. Ikawa nene, nikaipenda. Kabla ya kuipeleka nilimpitia rafiki yangu mmoja niliyesoma naye udaktari, ambaye aliacha chuo zamani na sasa kazi yake ni kuajiri madaktari katika miradi ya afya. Anakaa Ngagara, katika nyumba ya mtumishi wa serikali aliyorithi kwa baba yake, kota ambazo mitaa yake inaitwa kwa namba na kila mtu anajua namba ya mwenzake.

Alifunua ukurasa, akafunua mwingine, akainua macho.

"Dada, mi nimefika page ya tatu," alisema. "Bado sijaona mugonjwa."

Nilikasirika, na mimi nikikasirika sifichi. Nikamwambia makala zile zimenitoa jasho, na kwamba yeye tangu aanze kupanda magari ya miradi amesahau elimu inafananaje.

"Apana, kwa chuo iko muzuri sana," alisema bila kupandisha sauti. "Huko wanataka kujua umesoma nini, umeandika nini. Lakini ule mwenye kliniki iko na watu inje, wanakohoa. Anataka kujua we kesho asubuhi utafanya nini. Akiona hii atasema: huyu ni profesa, atatuchoka, atarudia vitabu vyake."

"Chema chajiuza," nikamwambia.

"Kinajiuza kwa wenye wanakijua. Ule hakujue."

Akachukua kalamu. Picha ya joho akaikata. Shule ya msingi, nje. Hali ya ndoa, nje: "Presha ya mutu haiulizi kama umeolewa." Makala zote zikawa sentensi moja, kwamba zipo na nitazileta nikiombwa. Ualimu ukabaki, lakini kwa lugha nyingine: si majina ya masomo, bali kwamba ninaweza kumwelekeza muuguzi mpya na kusimamia zamu bila kelele. Juu kabisa, akasema, niandike kwa mistari michache mimi ni nani na nataka kazi ipi, kisha mambo ambayo mikono yangu inaweza kuyafanya: kuzalisha, kushona, kupiga ultrasaundi, kufuatilia sukari na presha. Yote yasizidi kurasa mbili, na yajibu maneno ya tangazo lao, si maneno ya chuo. Vyeti na barua za kuthibitisha kazi niwe nazo mkobani, nisiwarundikie kabla hawajauliza.

Akafika ukurasa wa mwisho, chini kabisa, penye lugha. Nilikuwa nimeandika Kirundi, Kifaransa, Kiingereza, na baada ya hapo, Kiswahili: kizuri.

"Kizuri?" aliniuliza. "Mutoto wa Buyenzi, Kiswahili yako ni kizuri tu?"

Kiswahili ndiyo lugha ninayolilia. Lakini miaka yote chuoni sikuwahi kuona mtu akikiweka juu. Ni lugha ya soko na ya gereji, unaitaja mwisho, kama ndugu asiyevaa vizuri.

"Na Ijumaa ya juzi," akaendelea, "nilikupigia, hukupokea. Ulikuwa unafanya nini?"

Nikamweleza. Miguu iliyovimba, kidonda cha soksini, mimba ya yule dada. Nikamweleza kiti cha basi. Alinisikiliza huku ameshika kalamu hewani.

"Na hiyo umeiandika wapi?"

Sikuwa nimeiandika popote. Nikaziangalia zile kurasa mezani na kicheko kikanijia kabla ya aibu. Nilikuwa nimeandika CV ya Kibuyenzi kwa Kifaransa. Nilisalimia, nikauliza hali, nikasifu pilau, nikanywa maji, na shida iliyonileta nikaiacha ya mlangoni. Tofauti ni kwamba msomaji wa CV hakusindikizi hadi mlangoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema mama, na mimi nilikuwa nimeficha mahali pekee nilipokuwa mzima.

Tukaandika upya. Kiswahili kikapanda juu. Chini ya uzoefu, mstari wa kwanza kabisa, ukasomeka: ushauri wa kitabibu kwa majirani wa Buyenzi, kila Ijumaa, kwa hiari. Kiti cha basi hatukukitaja. Kuna mipaka.

Waliniita. Mkuu wa kliniki alikuwa mama wa Kikongo, daktari, mwenye msalaba mdogo shingoni na kalamu nyuma ya sikio. Aliniuliza kwa Kifaransa mambo ya zamu na ya madawa, nikamjibu. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa Ijumaa na kubadili lugha.

"Hawa watu ya Ijumaa, akikuja mumoja, unaanzaka wapi?"

"Namuliza habari ya watoto," nikasema. "Halafu nangoja asimame."

Akaitoa kalamu nyuma ya sikio. "Kwetu pia," akasema. "Wanasemea mulangoni." Akaandika kitu, akashukuru, na niliposimama kuondoka akanisindikiza mwenyewe hadi nje.

Walinipigia simu wiki iliyofuata kuniambia kazi ni yangu. Petroli ilikuwa imekosekana mjini na mabasi ni ya kubahatisha, kwa hiyo niliteremka kutoka Gihosha kwa miguu, jua kali, na sikuona urefu wa njia. Nilijiona nikila kwa mama kila mchana. Nilijiona nikiitwa kwa jina la utotoni mbele ya wagonjwa na kujifanya nimeudhika. Haikuwa Ijumaa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuta kiti cha basi hakina mtu. Mama alikuwa peke yake, anachambua mboga za lengalenga katika ungo. Sikuwahi kumwona akiwa peke yake. Ua ulikuwa mkubwa kuliko nilivyoujua.

Nikampa habari. Alisema alhamdulillah, akaniombea dua ndefu, akanilisha wali na ndagala, vile vidagaa vya ziwani, akauliza mshahara akasikitika kidogo, akauliza koti jeupe nitalifulia wapi. Alifurahi, niliona amefurahi. Lakini alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Jua lilipoanza kupungua nikachukua mkoba, maana njia ya kupanda ilinisubiri.

Akanisindikiza. Tulipofika mlangoni akaushika ubao wa mlango.

"Kuko na kitu kidogo," alisema.

Nikageuka mara moja. Nikamtazama macho, midomo, vidole vya miguu, kila pahali tulipofundishwa kutazama. "Unaumwa wapi, mama?"

"Siumwe." Alitazama barabarani. "Sasa hawa wagonjwa watakufata kule kwa kliniki. Hapa hawatakuja tena. Na we, Ijumaa, utakuja kufanya nini hapa?"

Akaendelea, kwa sauti ya mtu anayetoa kitu alichokikalia muda mrefu.

"Yule wa mwisho. Ule mwenye hana ugonjwa. Ni mi nilikuwa namuita. Napita uani naenda kwa jirani, namuambia: kuja, mutoto ameshika mukoba."

Ijumaa zote zile. Jirani mwenye unga mikononi, mkono ulionyooshwa, presha isiyo na kasoro. Nilikuwa nimempima kila mtu katika mtaa ule, na aliyekuwa akiugua ugonjwa wangu wa hamu nilimwachia amimine chai. Tukasimama pale, mama na binti, wote wawili watu wa mlangoni.

"Mama," nikasema, "mi sikuwa nakuja juu ya wagonjwa. Nilikuwa nakuja juu yako. Na hii kazi nimeiomba juu yako."

Alijipangusa uso kwa pindo la kitenge, akasema vumbi la gereji siku hizi limezidi, ingawa gereji zote zilikuwa kimya kwa kukosa petroli.

Nikaweka mkoba chini. Nikarudi uani, nikakaa kwenye kiti cha basi, mwisho kabisa, pale walipokaa wagonjwa.

"Bado kuko mumoja," nikamwambia.

Akaenda jikoni kuchemsha chai.