Kokoto za Mama Uani Niboye

Enzi zetu, sisi tuliokulia Karagwe kabla wazazi hawajaturudisha Rwanda, mchezo haukuhitaji chaji. Ulihitaji shimo dogo ardhini, kokoto kumi na mbili na vidole vyepesi. Huo ndio mdako: unarusha kokoto moja juu, unachota nyingine moja tu shimoni, kisha unaidaka ile ya kwanza kabla haijaanguka. Tulicheza nyuma ya jiko, moshi wa kuni machoni, viazi vya kuchoma vikipoa pembeni kwa kukosa mlaji. Wanangu nikiwaeleza, wananiuliza, "Sasa hapo raha iko wapi?" Vidole gumba vyao vina nguvu kweli, hivyo vingine sijui vina kazi gani.

Mama alipoanza kusahau, tulifanya kosa la watoto wenye adabu: tulimpumzisha. Tulimnyang'anya ungo, ufagio, hata kisu cha kumenyea ndizi. "Mzee akae," tuliambiana, tukamweka kwenye kochi hapa kwangu Niboye, huku Rwanda, televisheni mbele yake. Akakaa kweli. Miezi michache tu, akaacha kuuliza, akaacha kujibu, akawa anakula kwa kubembelezwa. Niliogopa kwamba nitabaki na kochi lenye kitenge tu.

Jumamosi moja nikaukumbuka mdako. Ua wetu umesakafiwa wote, basi nilichimba shimo kwenye bustani ya maua, nikamkalisha mama mkekani, nikaanza kucheza peke yangu, tena vibaya. Alitazama mara tatu. Ya nne akanipiga kofi mkononi.

"Reka! Acha! Umegusa mbili!"

"Moja tu, mama."

"Mbili! Macho ninayo. Wewe Vere, tangu lini ukacheza bila kuiba?"

Vere alikuwa mdogo wake. Sikumsahihisha, sikuwa nimesikia maneno mengi hivyo kinywani mwake tangu masika. Akashika kokoto, akaniibia mbili mchana kweupe, akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Halafu akaomba uji.

Jina langu halijarudi, na daktari hakutuahidi. Lakini kila jioni tunacheza, na chakula anakiomba mwenyewe. Zamani aliyetuita kula alikuwa yeye, mara moja tu, nasi tukakimbilia ndani na magoti ya vumbi. Siku hizi naita mimi, mara tatu, mara nne, naye hujibu bila kugeuka, "Ngoja, bado nashinda."